Tulivyopika kwa Mdomo Katika Wodi ya Kifua

Wawira alizikwa Alhamisi, na katika wasifu uliosomwa hakuna mtu aliyetaja kwamba aliwahi kuimba. Ibada ilifanywa kwenye kiwanja kilicho karibu na nyumba yake, mtaani Dallas, pale Embu. Mpwa wake alisoma karatasi mbili. Alisema shangazi yake aliokoka akiwa kijana, akashona sare za shule za watoto wa nusu ya mji, alikuwa kiziwi lakini hakumtegemea mtu. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Hilo neno “kiziwi” lilisomwa kama jambo alilozaliwa nalo, kama vile kusema alikuwa mrefu au alikuwa mweusi. Mimi nilikaa safu ya tatu pamoja na Rwamba, aliyekuja kutoka Gachoka asubuhi hiyo na bakora yake. Aliniinamia, akaniambia kwa ile sauti ambayo sisi wazee hudhani ni ya kunong'ona, “Gatwiri, sasa tumebaki wawili tu wenye tulimsikia akiimba. Na mimi sukari inanisumbua. Wewe ndiwe mwalimu. Andika.” Mbele yetu mama mmoja aligeuka akatutazama. Nilirudi Meru jioni ile nikiwa na hasira, na ilinichukua siku tatu kukubali kwamba sikumkasirikia mpwa wake hata kidogo.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimepata nafasi katika chuo cha ualimu, na sanduku langu la bati lilikuwa limeshapakwa rangi ya buluu na jina langu kuandikwa juu yake, ndipo nikaanza kukohoa damu. Nilipelekwa katika hospitali ndogo ya wamisheni nje ya mji wa Embu, ambayo ilifungwa zamani na leo hata ukuta wake hauonekani. Siku hizi mgonjwa wa kifua kikuu hupewa vidonge akamezea nyumbani. Wakati ule ulilazwa kwa miezi, ukachomwa sindano kila asubuhi mpaka makalio yakawa na vinundu kama mfuko wa njugu. Wodi ya wanawake ilikuwa chumba kirefu chenye vitanda vinane na sakafu ya saruji iliyonuka dawa ya kusafishia vyoo. Madirisha yalikaa wazi mchana kutwa, kwa maana hewa ilihesabiwa kuwa sehemu ya matibabu. Mvua haikuwa tatizo. Ulikuwa ule mwaka ambao mvua ilikuwa habari ya redio tu, mwaka wa mahindi ya njano, yale ya msaada, yaliyonuka ghala hata yakichemshwa tangu alfajiri. Tulikula hayo na maharagwe mchana, na jioni tukala hayo bila maharagwe. Asubuhi tulipewa uji mwepesi, ambao ukiinamisha kikombe ulikimbia kama maji. Na zile dawa, jamani, zilitaka chakula. Ukizimeza juu ya tumbo tupu zilikutingisha mpaka ukashika chuma cha kitanda.

Vitanda vitatu vya kando ya dirisha vilikuwa vyetu. Rwamba alilala katikati. Alikuwa mke wa mkulima huko Gachoka, miaka ishirini na mitatu, mwenye mabega ya mtu aliyezoea jembe, na alikuwa ameacha nyumbani mtoto wa miezi saba aliyekuwa bado ananyonya. Wiki za kwanza maziwa yalimjaa yakamvimbisha, akawa anajikamulia kwenye taulo akiwa ameelekea ukuta, na sisi tulijifanya tunatazama nje. Kisha yakakauka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Upande wa pili wa Rwamba alilala Wawira, mzaliwa wa Embu mjini. Yeye aliimba na bendi iliyopiga katika ukumbi ulio nyuma ya hoteli moja pale mjini. Alikuwa mwembamba, mwenye mwanya, na hata akiomba maji sauti yake ilikufanya ugeuke. Kimeru changu kiliwachekesha hao wawili, walisema nazungumza kama mtu anayepanda mlima, kwa hiyo tuliegemea Kiswahili cha shule, na pale kilipotushinda kila mmoja akaingiza lugha ya kwao.

Ni Rwamba aliyeanzisha mapishi. Ilikuwa alasiri moja, sahani zimeondolewa na njaa ingali palepale, akasema anataka kutupikia. Akaweka sheria papo hapo: huruhusiwi kuanza na sahani, lazima uanze na kuni. “Nimeamka,” alisema, macho ameyafumba. “Nimechukua mawele kwa ghala. Nimetwanga. Sasa napepeta.”

“Upepo unatoka wapi?” aliuliza Wawira.

“Unatoka huko chini, kwa mto.”

“Sawa. Endelea, usiharakishe.”

Na Rwamba hakuharakisha. Alisaga, akakoroga, akaacha uji uchachuke siku mbili, na sisi tukasubiri hizo siku mbili tukiwa tumelala chali, mate yametujaa. Alipika kunde na mahindi mapya, akapika ndengu kwa samli, akaenda kwa mzinga wa baba mkwe akarudi na asali yenye vipande vya nta. Lakini kila mara alipofika mahali pa kumimina uji kwenye kibuyu kidogo cha mtoto, alinyamaza. Hakuwahi kumimina. Wawira ndiye aliyejua la kufanya. Alidakia haraka, “Haya, Mmeru, zamu yako, tupikie ile mukimo yenu ya ajabu,” nami nikamenya ndizi mbichi, nikachagua njahi, yale maharagwe meusi, nikachuma majani ya malenge, nikaponda kwa mwiko mkubwa wa mti.

“Ndizi? Kwa mukimo?” alipiga kelele Wawira kila mara, kana kwamba hajapata kusikia. “Hiyo ni ya ng'ombe!”

“Na nyinyi wa Embu mnaponda viazi na mahindi mpaka mtu hajui anakula nini.”

“Anajua! Anakula mukimo!”

Wagonjwa wengine walicheka, wakakohoa, wakatuambia tunyamaze na baadaye wakatuuliza ni nini kitapikwa kesho. Nimekula katika nyumba nyingi tangu hapo, nimekaa kwenye harusi ambazo mbuzi walichinjwa kwa makumi, na sijawahi kula kama nilivyokula kwenye kitanda kile.

Wawira hakupenda sana kupika. Zamu yake ikifika alituletea nduma za kuchemsha na chai, basi, kisha akahamia kwenye muziki. Alitueleza bugi, yaani dansi la Jumapili mchana, vijana waliotoka kanisani moja kwa moja wakiwa bado na Biblia mkononi, jukwaa la mbao lililolia ukikanyaga upande wa kushoto, Njeru wa gitaa aliyekuwa akifumba jicho moja alipofika kwenye sehemu ngumu. Alieleza jinsi ulivyosimama ukingoja zamu yako ya kuingia, gitaa linakuita mara moja, linakuita mara ya pili, nawe umeshikilia pumzi. Rwamba alisimulia wachezaji wa Mbeere aliowaona Gachoka siku ya sherehe za taifa, vumbi lililofika kiunoni, chifu aliyeingia kucheza na kofia yake ikaanguka. Mimi nilikuwa na onyesho moja tu. Bendi ilikuja kwenye ukumbi wa chama cha wakulima wa kahawa kwetu, nikakosa kiingilio, nikasimama nje juu ya jiwe nikichungulia kwenye tundu. Niliona kiwiko cha mtu na nusu ya ngoma. Wawira alilipenda onyesho langu kuliko yake yote. Alinifanya nilisimulie tena na tena, kisha akatuimbia polepole, kifua kikimkatiza katikati ya mistari, wimbo wake mwenyewe, ambao Njeru alikuwa amemtungia. Wakati huo alikuwa na sauti bado. Nasema hivi ili iwe imeandikwa na isiweze kufutwa: ilikuwa sauti ya kukufanya uache kuogopa.

Katika kona alilala mama mzee tuliyemwita Nyanya Igoki. Alianza kupata kizunguzungu na kelele masikioni, akamwambia muuguzi, na daktari akamsimamishia sindano, kwa kuwa dawa ile iliweza kuharibu masikio. Wiki ya tatu baada ya hapo alifariki, asubuhi, tukinywa uji. Leo najua kwamba mapafu yake yalikuwa yameisha kabla hata hajaletwa. Lakini sisi hatukuwa madaktari. Tulichoona ni mtu aliyesema masikio, akaachishwa sindano, akafunikwa shuka. Kuanzia siku hiyo Sista Kagendo, muuguzi wetu, alipokuja na sinia yake na kuuliza kila kitanda, “Mwari, kichwa hakizunguki? Masikio hayalii?” wodi nzima ilijibu kwa pamoja kama darasa: “Hapana, sista.”

Siku moja mimi na Wawira tulikuwa tunaosha vikombe kwenye karo nyuma ya wodi. Jua lilikuwa kali, nyasi zote zimekauka. Aliniuliza, “Unasikia nyenje?”

“Nyenje gani?”

“Hawa. Tangu Jumatatu. Hawanyamazi.”

Nilisikiliza. Hapakuwa na nyenje, hapakuwa na kitu chochote isipokuwa maji ya bomba. Aliniona usoni, akajua nimejua. Akanishika mkono uliojaa sabuni. “Ukiambia sista, umeniua,” alisema. “Uliona nyanya. Gatwiri, mimi sitaki kufa. Wacha nimalize sindano, nitoke, masikio yatapona yenyewe. Apa.”

“Wawira, lakini wewe unaimba.”

“Maiti haiimbi. Apa!”

Nikaapa. Rwamba hatukumwambia, kwa sababu Rwamba hakujua kudanganya. Aliniuliza mwenyewe baada ya siku chache, “Wawira ana nini? Naongea na yeye ananiangalia mdomo.” Nilimwambia amechoka. Akisoma ukurasa huu, ndiyo mara yake ya kwanza kujua kwamba nilimdanganya.

Wiki zilizofuata nilimwona Wawira akizama huku kila asubuhi akijibu, “Hapana, sista.” Alianza kuzungumza kwa sauti ya juu. Wakati wa mapishi alicheka baada ya wengine kucheka. Nilipoponda ndizi hakupiga kelele tena, mpaka nilipomgusa, naye akasema haraka, “Hiyo ni ya ng'ombe,” mahali pasipofaa, nikiwa bado natafuta kuni. Zilikuwa wiki tatu. Ningeweza kuomba kumwona daktari siku yoyote kati ya hizo. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba ni kiapo kilichonifunga, na watu wengi wangeniunga mkono. Si kweli, au si kweli yote. Niliogopa kwamba wakijua watamhamishia chumba cha peke yake, au atakufa kama Nyanya Igoki, na mimi nitabaki na mahindi ya njano na kikohozi changu, hakuna wa kuniuliza upepo unatoka wapi. Nilikuwa naishi kwa mdomo wake. Nilinyamaza ili niendelee kula.

Kisha bendi ikaja. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Watu watatu, Njeru na gitaa kavu, lisilo la umeme, mwingine na kayamba, wa tatu mikono mitupu. Hawakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo walisimama kwenye nyasi kavu, hatua chache kutoka dirisha letu, wamevaa mashati yao ya jukwaani yenye vifungo vya kung'aa. Wawira alikuwa ameambiwa tangu Alhamisi. Alifunga kitambaa kichwani, akajipaka mafuta midomoni, akaketi dirishani akiwa ameshika vyuma. Sista Kagendo alisimamisha toroli yake. Wagonjwa waliojiweza waliamka wakaja nyuma yetu.

Njeru alipiga wimbo wa Wawira. Wodi ilinyamaza, hata kikohozi kilinyamaza. Gitaa lilimwita mara moja, likamwita mara ya pili, likafika mahali pake pa kuingia, likapapita. Njeru aliinua macho. Akatabasamu, akarudi mwanzo, kama mtu anayemsubiri mwenzake aliyekwama kwenye umati. Gitaa likamwita tena. Kayamba ikaingia. Pakafika mahali pake, pakapita. Wawira alikuwa anatabasamu bado, macho kwenye vidole vya Njeru, pumzi ameishikilia kifuani kama alivyotueleza. Kisha akageukia kwangu, akaniuliza kwa sauti iliyosikika mpaka langoni:

“Wameanza?”

Njeru aliacha kupiga. Wawira alitutazama mmoja mmoja, akasoma nyuso zetu, na nikaona tabasamu lile likimwondoka taratibu, kwanza machoni, mwisho kabisa kwenye mwanya. Kule nje yule asiye na chombo alivua kofia. Sista Kagendo alikuja akamshika Wawira kidevu, akamgeuza, akapiga makofi nyuma ya sikio lake. Akapiga tena. Ndipo akatugeukia. “Tangu lini?” Alitutazama mimi na Rwamba. “Nawauliza nyinyi mnaolala karibu yake. Tangu lini?”

“Sijui, sista,” nilisema.

Hata wakati huo. Hata pale ambapo hapakuwa na kitu kilichobaki cha kulinda.

Sindano ilisimamishwa siku hiyohiyo, akabadilishiwa vidonge. Hakufa. Kifua chake kilipona vizuri kuliko changu. Lakini masikio hayakurudi, na daktari, mzee mpole aliyetembea ameinama, alituambia kwamba ingejulikana mapema huenda kiasi fulani kingeokoka. Huenda. Nimefundisha watoto kusoma maneno magumu kwa miaka mingi, na hakuna neno lililonishinda kama hilo.

Mapishi yaliisha. Rwamba alijaribu mara moja, akawasha kuni, akaona Wawira amelala akiangalia dari, akaziacha zizimike. Kwa muda wa wiki mbili Wawira hakutoa neno. Alikula alichopewa, akarudisha sahani. Kisha alasiri moja aliketi kitandani, akafungua kinywa, akaimba. Nadhani alitaka kujua kama kitu hicho kiko bado ndani. Alianza vizuri kwa mistari miwili, halafu sauti ikapoteza njia, ikapanda mahali pasipo na ngazi, ikaanguka, ikapanda tena, na yeye hakujua. Aliendelea mpaka mwisho, shingo imemsimama mishipa. Alipomaliza alituuliza kwa macho. Rwamba, huyo asiyejua kudanganya, alitikisa kichwa kwamba ni nzuri, ni nzuri sana, huku machozi yakimdondoka kwenye shuka. Wawira alimpita kwa macho, akaniangalia mimi. Sikuwa nimeutayarisha uso wangu. Akalala, akajifunika mpaka kichwani, na kwa jinsi nijuavyo hakuimba tena mpaka tulipomzika.

Rwamba ndiye aliyetangulia kutoka. Tulipata habari kwamba mtoto wake hakumjua, alilia akamkimbilia nyanya yake, na ilichukua mpaka mavuno kabla ya kukubali kubebwa. Mvua ilinyesha hatimaye, nami nikatoka siku ambayo barabara ilikuwa matope tupu. Wawira alikuwa bado ana mwezi mmoja wa matibabu. Niliagana naye kwa mkono. Alinishika vidole tu.

Miaka miwili baadaye, nikiwa tayari mwalimu, nilikwenda kumtafuta. Nilimkuta Dallas, katika chumba kimoja chenye cherehani karibu na mlango, akishona sare. Alinikaribisha chai. Tulikaa. Nilitoa daftari mkobani, nikaandika yote: zile wiki tatu, Rwamba nilivyomdanganya, nilivyomjibu sista, na kwa nini. Niliandika ukurasa mzima, nikamsogezea. Alisoma akifuatisha kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akarudi juu akasoma tena. Nje watoto walikuwa wanarukaruka kamba na kuimba, na ni mimi peke yangu niliyewasikia.

“Ungesema, ningekuchukia,” alisema mwishowe, kwa ile sauti yake mpya, kubwa, isiyopanda wala kushuka. “Hukusema, nimekuchukia. Nilijua siku ile ya dirisha, vile ulisema sijui. Niliona mdomo wako. Nimejaribu kuacha kukuchukia, Gatwiri. Naomba kila siku. Haiachiki.”

Nilichukua kalamu. Nilitaka kuandika pole, lakini neno lenyewe, nikilitazama pale kwenye karatasi kabla hata sijaliandika, lilikuwa dogo mno. Niliiweka kalamu chini.

Alichana ule ukurasa kutoka kwenye daftari, akaukunja mara nne, akautia kwenye droo ya cherehani pamoja na pini. Kisha akanitazama, akanyoosha mkono.

“Leta hiyo koti. Bega limefumuka.”

Nikalivua nikampa. Alitafuta uzi wa rangi yake kwa muda mrefu, akautia kwenye sindano mara moja bila kulamba ncha, akaanza kushona. Mimi nilikaa na mikono wazi kwenye kile chumba chenye baridi, nikiangalia mguu wake ukikanyaga, nisijue kama nimesamehewa au ananifukuza, na nikiwa na hakika kwamba sitauliza.